Shangazi wa Jikoni: Nimealikwa Pongal na mpangaji wangu, wali wa sukari na choroko unapikwaje?

*Shikamoo Shangazi. Mimi nina nyumba huku Nyakato, Mwanza, vyumba vya nyuma nimempangisha kaka mmoja na mkewe, Watamil wametoka Chennai, India, watu wapole hawana makuu. Sasa mke wake ameniambia mwezi wa kwanza katikati wana sikukuu yao ya mavuno inaitwa Pongal na anataka nikapike naye, kuna wali wa sukari na kuna wali wa pilipili manga. Shangazi, wali wa sukari, na choroko ndani?? Mimi wali najua ni wa kuchambuka. Halafu mchele wetu wa Magu utafaa kweli au mpaka upatikane wa kwao? Nisije nikaaibika. – Mama Mwenye Nyumba*

Marahaba mama. Kwanza sahau kuchambuka. Huo wali unatakiwa uwe bokoboko kabisa, ukiuchota unadondoka taratibu kwenye mwiko, ukichambuka ndo umeharibu. Na mchele wa Magu au wa Kahama unafaa sana, tena bora uwe mpya wa msimu maana mpya unalainika haraka, achana na basmati utapoteza hela bure. Choroko nazo ni zetu wenyewe, si unajua zinavyolimwa kanda hii mpaka zinasafirishwa India, kwa hiyo huyo dada anaweza kuwa anapika choroko ya Simiyu hajui.

Siku kubwa ya sikukuu inaangukia tarehe 14 au 15 Januari, ndo mwezi wao wa Thai unaanza, na kwao huko bonde la mto Kaveri mpunga wa msimu mkubwa unakuwa umeiva. Sisi muda huo mpunga bado mchanga majarubani, kwa hiyo usishangae wanasherehekea mavuno wewe unahangaika na palizi. Sikukuu nzima inakwenda siku nne. Ya kwanza, Bhogi, wanafanya usafi na kuchoma vikorokoro vya zamani. Ya pili ndo kubwa, ndo hiyo uliyoalikwa. Ya tatu ni ya ng'ombe, anaogeshwa, anapakwa rangi kwenye pembe zake, anavishwa maua na kulishwa huo wali, hapo Wasukuma wenzangu mtaelewana nao bila mkalimani. Ya nne ni ya kutembeleana.

Sasa wali mtamu, wenyewe wanaita sakkarai pongal. Siku yenyewe utakuta chungu kipya kimefungwa mmea wa manjano mbichi shingoni na majani yake, jiko liko nje, asubuhi jua linachomoza. Maziwa yanawekwa kwanza, yanaachwa yachemke mpaka yamwagike nje ya chungu, na wewe usikimbilie kushusha moto kama ulivyozoea, kumwagika ndo kunakotafutwa, yakifurika wote wanapiga kelele "Pongalo Pongal!" na wewe piga tu. Ndipo mchele unaingia.

Ukitaka kujaribu kwako kabla ya siku: mchele kikombe 1, choroko zilizokobolewa na kupasuliwa robo kikombe, hizo zikaange kavu kwenye sufuria mpaka zinukie, zisiungue. Weka pamoja na maji na maziwa, jumla vikombe 5 hivi, pika moto mdogo mpaka ukiponda punje kwa vidole isibaki kiini. Hapa ndo wengi wanakosea. Sukari guru usiitie mpaka wali umelainika kabisa kabisa, maana ukishatia utamu punje inagoma, utachochea mpaka jioni na kiini kitabaki. Sukari guru (ndiyo, ileile inayosifika kwa wapika gongo, usione aibu kuiulizia sokoni) chukua kikombe 1 na nusu, iyeyushe pembeni na maji kidogo halafu ichuje, haikosi mchanga na vijiti. Mimina, koroga, iache ichemke mpaka rangi igeuke kahawia ya kung'aa. Malizia na samli, na usibanie, robo kikombe, nusu yake kaangia korosho na zabibu kavu mpaka zabibu zivimbe kama vipira, umwagie juu na iliki ya kutwanga.

Onyo moja. Wao huwa wanatia kafuri kidogo, punje ndogo tu, lakini ni kafuri maalum ya kula. Ile ya kuweka kabatini kwenye nguo ni SUMU, usiitie kwenye chakula hata chembe, kama huyo dada hana ya kwao acheni, iliki inatosha.

Wa chumvi, ven pongal, ni mchele na choroko vilevile ila bila utamu. Unakaanga kwenye samli pilipili manga nzima, bizari nyembamba, tangawizi na majani ya kari, unamwagia. Mimi binafsi huu naupenda kuliko ule mtamu, asubuhi ya mvua na kachumbari ya nazi mbichi pembeni hutaki chai. Utaona pia sambar, mchuzi wa mbaazi na ukwaju, na ndani mara nyingi wanaweka maganda machanga ya mlonge. Eeh, mlonge huuhuu sisi tunakula majani tu tunayaacha maganda, unayatafuna unanyonya nyama ya ndani unatema nyuzi.

*Shangazi shikamoo, mi nakaanga chipsi na bajia Mkolani, mteja mmoja Mhindi kaniomba nimtengenezee vadai za sikukuu, zile bajia zao zenye tundu katikati, nimejaribu zinanyonya mafuta hatari na hazishiki tundu. – Kijana wa Kikaango*

Marahaba. Maji mengi hayo. Unga wa dengu wa bajia hauhusiki hapa, tafuta choroko nyeusi iliyokobolewa ikabaki nyeupe, maduka ya Wahindi mjini ukisema urad wanakuelewa. Loweka saa 3 hivi, chuja ikauke, saga kwenye blenda kwa maji ya kunyunyizia tu, halafu upige kwa mkono mpaka donge ukilidondosha kwenye bakuli la maji lielee. Isipoelea endelea kupiga. Chumvi mwishoni kabisa, ukiitia mapema rojo linachuruzika. Lowesha kiganja, weka donge, toboa katikati kwa kidole, tumbukiza. Mafuta yawe ya moto wa kati, yakipoa ndo yananyonywa.

*Habari za kazi Shangazi. Na mimi nimealikwa hukohuko kwa Watamil, sitaki kwenda mikono mitupu. Nipeleke sangara au sato? – Jirani, Igoma*

Nzuri. Samaki mwache, siku ile kubwa familia nyingi hawagusi nyama wala samaki, sangara mpeleke siku nyingine watamfurahia kama wanakula. Wewe peleka miwa. Sio ile iliyomenywa ikakatwakatwa kwenye mfuko, chukua miwa mirefu mizima na majani yake juu, miwili inatosha, wanaisimamisha kila upande wa chungu. Mwambie muuzaji asikukatie ncha.