Jibu kwa mleta mada: nilivyoliingiza bao la kete kwenye kompyuta ya 1982

Wakuu, salaam.

Mleta mada ameuliza mambo mawili: kwa nini hadi leo kuna watu wanatengeneza gemu mpya za kompyuta za nyumbani za miaka ya themanini, na kama yeye, mwanafunzi mwenye laptop tu, anaweza kujaribu. Mchangiaji mmoja kamjibu kwamba huko ni kupoteza muda, heri ajifunze kutengeneza aplikesheni za simu apate hela. Mimi ni mwaka wa nne sasa nafanya kazi hii jioni baada ya kutoka kazini, kwa hiyo naomba nijibu kwa kirefu.

Kwanza, sikuvutwa na kumbukumbu za utotoni. Wenzangu wengi Ulaya walikua na mashine hizi, wanazikumbuka kama sisi tunavyokumbuka redio ya sebuleni. Mimi ni mtoto wa Tanga. Nchi yetu ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta mwaka 1974, na miaka ile ambayo watoto wa Uingereza walikuwa wanagombania zamu ya kucheza, kwetu hata maofisini kompyuta ilikuwa kitu cha kusimuliwa. Mara ya kwanza kuigusa ZX Spectrum, kompyuta ya nyumbani ya Uingereza, nilikuwa mtu mzima mwenye kazi na familia, nikiishi Dundee, Scotland. Mama mmoja jirani yetu aliwahi kufanya kazi katika kiwanda cha Timex cha mji ule, mahali zilikounganishwa Spectrum. Alikuwa na moja darini, ndani ya boksi lake. Aliponisikia nasema kazi yangu ni kompyuta, akaniletea. Vitufe vya mpira, ukubwa wake kama daftari la shule.

Mashine hiyo ilitoka Aprili 1982. Prosesa yake ni Z80A ya megahezi 3.5, ROM (kumbukumbu isiyobadilika) kilobaiti 16, RAM (kumbukumbu ya kazi) kilobaiti 48. Picha moja unayotuma WhatsApp kwa kawaida haiwezi kutosha humo. Lakini sikilizeni kilichonishika: ndani ya wiki tatu nilikuwa naijua ramani yake yote kwa kichwa. Skrini inaanzia anwani 16384 ya kumbukumbu. Rangi zinaanzia 22528. Ukipeleka namba kwenye mlango wa 254, njia ya prosesa kuongea na vifaa, biti (tarakimu za 0 na 1; nane ni baiti moja) tatu za chini zinabadilisha rangi ya pambizo la skrini, na biti ya 4 inasukuma spika. Hakuna kilichofichwa nyuma ya pazia. Nimekuwa fundi wa programu zaidi ya miaka kumi, na kabla ya hapo sikuwahi kuwa na mashine ambayo ningeweza kusema naijua kuanzia umeme unapoingia hadi nukta inapowaka kwenye kioo. Simu niliyo nayo mkononi sasa hivi, siijui hata robo yake, na hata wanaoitengeneza kila mmoja anajua kipande chake.

Rangi ndizo zinazowashinda wengi, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo. Skrini ina nukta 256 kwa 192, lakini rangi haziwekwi kwa kila nukta. Skrini imegawanywa visanduku vya nukta 8 kwa 8, safu 32 kwenda kulia na mistari 24 kushuka chini, jumla 768. Kila kisanduku kina baiti moja ya rangi: biti tatu za wino (rangi ya mchoro), tatu za karatasi (rangi ya nyuma), moja ya mng'ao, moja ya kumetameta. Maana yake ndani ya kisanduku kimoja rangi ni mbili tu. Mchezaji mwekundu akipita mbele ya mti wa kijani, ama mti unageuka mwekundu ama mchezaji anageuka kijani. Walioandika gemu enzi zile waliteseka sana na hili, na wengi waliamua kuchora kila kitu kwa rangi moja.

Mimi sikutaka kupigana na visanduku. Nilikaa na karatasi ya hesabu nikajiuliza ni kitu gani kwa asili yake kimeumbwa kwa visanduku. Jibu nilikuwa nalo tangu utoto. Bao la Kiswahili lina mashimo manane kwenda kulia na safu nne. Kila shimo nikilitengea visanduku vinne kwa vinne, mashimo manane yanakula safu zote 32 bila kubaki hata moja, na safu nne za mashimo zinakula mistari 16. Inabaki mistari minane ya kuandika jina la mchezaji, zamu ni ya nani na maelezo. Usiku ule sikulala. Ilikuwa kama seremala wa bao na mchora skrini ile walipimia kamba moja.

Na ndani kulikuwa hivyohivyo. Kila mchezaji anazungusha kete kwenye safu zake mbili tu, yaani mashimo 16 kwa duara. Ukiyapa namba 0 hadi 15, kusambaza ni kuongeza moja kisha kupitisha amri ya AND 15, inayoibakiza namba ndani ya 0 hadi 15. Ukivuka shimo la mwisho unarudi la kwanza mwenyewe, bila kuuliza umefika wapi. Na shimo la mpinzani linalotazamana na lako, mkihesabu kila mmoja kutoka kushoto kwake, ni XOR 7, inayogeuza 0 kuwa 7, 1 kuwa 6, na kuendelea. Amri moja. Bao zima, kete zote 64, linakaa kwenye baiti 32. Ukiwa na kilobaiti 48 huko ni utajiri.

Nilianza na bao la kujifunza, lile la kete mbili kila shimo, kwa sababu halina namua, ile hatua ya mwanzo ya kuingiza kete za mkononi. Toleo la kwanza niliandika kwa BASIC, lugha rahisi ya programu iliyomo ndani ya mashine yenyewe. Lilicheza sawasawa, ila kompyuta ilipotakiwa kuwaza hatua mbili mbele nilikuwa nasubiri zaidi ya dakika. Nikaandika upya kwa asembli, lugha ya amri za prosesa yenyewe, amri kwa amri, na ule mfikirio ukashuka chini ya sekunde moja. Mashine ileile! Hapo ndipo nilipoelewa kwa mwili, siyo kwa kitabu, lugha ya programu inakugharimu nini.

Makosa yalikuwa mengi. Kubwa lilikuwa la kichwa na kimbi, yaani shimo la mwisho la safu ya mbele na lile la jirani yake: ukila kete za mashimo ya pembeni lazima uanze kusambaza kutoka kichwa cha upande uleule, na mimi nilikuwa nimeacha mwelekeo uendelee tu. Niliona kompyuta inashinda sana nikadhani nimetengeneza bingwa, kumbe inacheza nje ya sheria. Jingine ni kwamba kwenye bao kuna mchezo ambao kete zinazunguka tu bila kulala, yaani bila kuishia kwenye shimo tupu. Mashine ikaganda. Ilibidi niweke hesabu ya mizunguko, ikifika kikomo zamu inakatwa.

Likizo iliyofuata niliibeba kwenda nayo Tanga. Mjomba wangu ni mchezaji wa bao wa barazani, mtu ambaye ukikaa naye unaondoka huna kete. TV yake ya chogo ilinasa picha bila shida kwa waya wa antena, maana Uingereza na kwetu tulitumia mfumo uleule wa PAL, na sauti inatoka kwenye spika iliyomo ndani ya mashine. Alitazama kompyuta ikicheza zamu moja, akaniambia, "Mwanangu, huyu mtu wako ana haraka ya nini? Kete hazionekani zinapoangukia." Alikuwa sahihi. Mimi nilikuwa nashangilia kasi, na mcheza bao anataka kuona mkono. Z80 ina amri ya HALT inayosubiri mapigo ya skrini, mara 50 kwa sekunde. Nikaweka mapigo saba kati ya kete na kete, na kila kete ikianguka spika inagonga mara moja. Mlio ule ni mfupi mno, kwa sababu spika ya Spectrum inasukumwa na prosesa yenyewe. Ikilia, kazi nyingine zote zinasimama. Lakini mjomba aliposikia tik, tik, tik, akavuta kigoda karibu. Tulicheza hadi adhana ya isha.

Sasa, mleta mada, usidhani wote wanaofanya kazi hii wanarudia mambo ya zamani. Yapo mambo ambayo mwaka 1985 hayakufanyika. Mbrazil Einar Saukas aliandika NIRVANA, programu inayobadilisha baiti za rangi wakati mwale wa TV bado unashuka, hivyo kisanduku kimoja kinapata rangi zaidi ya mbili. Ni yeye pia aliyeandika ZX0, programu ya kubana data ambayo wengi wetu tunaitumia. Upande wa Commodore 64 (C64), kompyuta nyingine ya nyumbani ambayo nayo ni ya 1982, Wajerumani walitoa gemu ya Sam's Journey mwaka 2017, na ukiiona inavyoteleza huwezi kuamini ni mashine ya megahezi moja. Kulikuwa pia na mashindano ya RGCD, ambapo gemu nzima ya C64 ilibidi itoshe kwenye katriji ya kilobaiti 16. Mashine ni ileile, ujuzi wa watu ndio umekua.

Kuhusu kuanza: laptop yako inatosha kabisa, usinunue mashine. Weka emuleta, programu inayoigiza mashine ya zamani; mimi natumia Fuse kwa Spectrum, na wa C64 wanatumia VICE. Kama hujawahi kuandika programu, chukua AGD ya Jonathan Cauldwell, unachora vyumba na wahusika na unapata gemu inayochezeka bila kugusa asembli. Kama unajua BASIC kidogo, kuna kompaila ya Boriel, inayogeuza BASIC kuwa amri za prosesa. Ukijua lugha ya C, kuna z88dk. Mimi naandika asembli kwa sjasmplus. Na wapo watakaokuambia kuandikia kwenye laptop siyo halali, lazima uteseke na vitufe vya mpira. Waambie Matthew Smith aliyeandika Manic Miner mwaka 1983 aliiandikia kwenye kompyuta nyingine, TRS-80.

Ushauri wangu mmoja tu wa usanifu: usianze na wazo kisha ukalilazimisha liingie. Itazame mashine kwanza.

Ukija kununua mashine halisi baadaye, angalia adapta. Spectrum inataka volti 9 za DC na hasi iko katikati ya plagi. Adapta nyingi za madukani chanya ndiyo iko katikati. Mimi nilichomeka moja isiyo na maandishi niliyoinunua kibandani, na papo hapo transista ya TR4 ikaungua pamoja na chipu tatu za kumbukumbu. Zile za kilobaiti 16 za chini ni aina ya 4116, zinataka volti tatu tofauti, moja ikikosekana zinakufa. Nilitumia wikendi mbili na chuma cha kulehemu kuifufua. Na wa C64 wasiamini adapta ya zamani iliyokuja na mashine. Ikizeeka inaweza kupeleka volti nyingi kuliko tano na kuua chipu. Kaseti siyo lazima: geuza faili liwe sauti, chomeka simu kwenye tundu la EAR, cheza.

Namrudia ndugu aliyesema habari ya hela. Hela ya moja kwa moja ni ndogo, sitamdanganya mtu. Lakini kazi yangu ya mchana leo ni kuandika programu za vidhibiti vya pampu za maji, na chipu za humo zina kumbukumbu ndogo kuliko Spectrum. Bodi ya Arduino Uno R3 ambayo vijana wanajifunzia ina RAM kilobaiti 2 tu. Kwenye usaili waliniuliza ningefanya nini kumbukumbu ikiniishia, nikawachorea bao langu ubaoni, baiti 32. Kazi nikapata.

Sasa hivi nahangaika na namua. Kete 22 mkononi kila upande sizo zinazonisumbua, ni nyumba, lile shimo maalumu la kila mchezaji linalorundikwa kete. Kusambaza kukiishia nyumbani, mchezaji anachagua asimame au asafiri, yaani aendelee kusambaza kete za humo, na sijapata njia ya kuifundisha kompyuta lini asafiri. Mjomba anajua, ila ukimuuliza anasema, "Unaiona tu." Kwa hiyo nimeanza kuandika kila mchezo wake, kete kwa kete, kwenye daftari. Nina michezo 11. Desemba nakwenda tena Tanga, nikitoka huko nitaweka faili hapa ili muweze kulijaribu, na mleta mada akikwama popote kwenye emuleta aniulize hapahapa.