Fimbo gani ya flai kwa trauti wa Aberdare?

SWALI: Salamu mhariri. Mimi nakaa Nyeri, nimezoea kuvua tilapia bwawani kwa ndoana na nyungunyungu, sasa marafiki wananiita twende Mto Gura tukavue trauti kwa flai, ile chambo bandia. Dukani nimeonyeshwa fimbo ya futi 9 namba 6, muuzaji anasema hiyo inafanya kazi kila mahali. Ninunue ama niwachane nayo?

JIBU: Salamu kaka. Iache kwanza. Si mbaya, ila ni ya ziwa, siku ukipanda Mlima Kenya kule Ziwa Ellis ama Rutundu kwenye upepo mkali utaitaka, lakini kwa Gura ni kubwa.

Hiyo namba iliyoandikwa juu ya mshikio ni uzito wa mshipi, sio nguvu ya fimbo vile watu hudhani. Flai haina uzito wowote, ni manyoya na uzi tu, kwa hivyo kinachorushwa ni mshipi wenyewe, na fimbo lazima ilingane nao. Mshipi namba 5, mita zake 9 za kwanza zina uzito wa kama gramu 9, namba 4 ni chini kidogo. Ukiweka mshipi mwepesi kwa fimbo ya namba 6 haipindi, unarusha unarusha mshipi unakuangukia miguuni.

Sasa Gura, na Mto Chania pia, maji ni baridi na maangavu, trauti wengi hawafiki nusu kilo na wanashtuka haraka, mshipi mzito ukitua pwaa wameshaingia chini ya mawe. Tafuta namba 4, futi 8 hivi. Kule juu kwenye nyasi utarusha vizuri, ukishuka msituni ndio shida, nyuma yako ni mianzi na matawi, hakuna nafasi ya kurusha nyuma, inabidi uvute mshipi polepole juu ya maji mpaka ujikunje kando ya bega halafu uupige mbele ujiviringishe wenyewe. Fimbo ngumu kama fagio haifanyi hivyo kirahisi. Dukani iunganishe, itikise kidogo, uone kama inapinda mpaka katikati ama ni ncha tu inayocheza. Unataka ya katikati.

Chukua ya vipande vinne, utapanda matatu nayo bila kugombana na makanga. Kwa rili, kile kigurudumu cha kuzungushia mshipi, usimwage pesa, kwa samaki wa saizi hiyo kazi yake ni kubeba mshipi tu, hizo pesa weka kwa mshipi mzuri unaoelea. Flai nazo usiagize nje, hapa Kenya zinafungwa nyingi tu na kuuzwa mpaka Ulaya.

Na ukiingia ndani ya hifadhi ya Aberdare jua kiingilio cha KWS, shirika la wanyamapori, ni kando na leseni ya kuvua, usije ukarudishwa getini na fimbo yako mpya.