Kabla ya Kupandisha Ngazi ya Tahadhari

Ninyi mnaoanza kazi ya kufuatilia volkano mkiwa Dar es Salaam, mamia ya kilomita kutoka Ol Doinyo Lengai, mtausoma mlima huo kwenye skrini kwa miezi mingi kabla ya kuukanyaga. Si neno, ilimradi mjifunze kwanza desturi yake: hutikisika mara ngapi kwa siku, hutoa gesi kiasi gani, na ubavu wake husogea milimita ngapi kwa mwaka. Lava ya Lengai ina joto la takriban nyuzi 500 hadi 600 za Selsiasi, ilhali ile ya basalti huvuka 1,000, hivyo kizingiti cha joto cha setilaiti kilichowekwa kwa ajili ya milima mingine kinaweza kuupita bila kuuona.

Mimi nilianza vibaya. Nilipewa chati za kipima tetemeko cha mafunzo hapa mjini, nikaorodhesha kwa furaha matukio kadhaa ya alfajiri, na mkubwa wangu akayatambua papo hapo kuwa ni malori ya Barabara ya Morogoro. Tangu hapo siliamini tukio lililoonekana katika kituo kimoja tu.

Hata tetemeko la kweli halisemi lote. Julai 2007 matetemeko mfululizo yalilitikisa eneo la Gelai, kubwa lao likiwa la kipimo cha 5.9, huku magma, yaani mwamba ulioyeyuka, ikipenya kwenye nyufa chini ya ardhi bila kutokeza juu. Septemba mwaka huohuo ni Lengai, mlima jirani, ulioanza kulipuka kwa nguvu.

Jambo linalowatega wengi ni dalili kupungua. Huko kwenye volkano ya Pinatubo, Ufilipino, gesi ya dioksidi ya salfa ilipanda kutoka tani 500 hivi kwa siku katikati ya Mei 1991 hadi zaidi ya tani 5,000 mwishoni mwa mwezi, kisha ikashuka ghafla. Mwenye haraka angeteremsha ngazi ya tahadhari. Waliokuwa kazini waliitazama gesi pamoja na mitikisiko iliyokuwa ikiendelea, wakahofu kwamba njia ya gesi imeziba na shinikizo linajikusanya. Tahadhari ikapandishwa hadi ngazi ya 5, ya juu kabisa, tarehe 9 Juni, na mlipuko mkuu ukaja tarehe 15. Kwa hiyo kushusha ngazi kunapaswa kudai ushahidi mwingi kuliko kuipandisha, ingawa wakubwa watawabana kwa sababu ya watalii.

Msichanganye pia rangi za tahadhari kwa usafiri wa anga, yaani kijani, manjano, chungwa na nyekundu, na ngazi za tahadhari kwa wananchi. Majivu yanaweza kuzima injini za ndege huku kijiji kilicho chini ya mlima kikiwa salama, au kinyume chake.

Ukifika wakati wa kuandika tangazo, kumbukeni volkano ya Nevado del Ruiz nchini Kolombia: ramani ya maeneo ya hatari ilikwisha kuchorwa, lakini usiku wa tarehe 13 Novemba 1985 tope la volkano liliufikia mji wa Armero zaidi ya saa mbili baada ya mlipuko, na watu zaidi ya 20,000 wakafa kwa kuwa hawakuhamishwa. Tajeni bonde gani lihamwe, watu waelekee wapi, na tangazo lijalo litatoka saa ngapi, hata kama litakuwa halina jipya. Kisha hakikisheni lina tafsiri ya Kimaasai inayoweza kusomwa kwa simu, kwa maana wachungaji walio karibu zaidi na Lengai hawatalikuta ubaoni.