Spika za mtumba zenye sauti hai: maswali yenu

Nimeonyeshwa spika mbili. Moja imeandikwa wati 300, nyingine wati 100, na hii ndogo ndiyo ya bei juu. Napunjwa? (Msomaji, Njiro, Arusha)

Si lazima. Wati za nyuma ya boksi zinaeleza spika inavumilia umeme kiasi gani kabla ya kuungua, basi. Uliza inatoa desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) ngapi kwa wati 1, umbali wa mita 1. Nyingi za nyumbani hutoa 85 hadi 90. Klipsch Heresy, spika ya honi (yenye mdomo kama wa tarumbeta) iliyoanza kutengenezwa Marekani mwaka 1957, inapita 95.

Pigo la ngoma kwenye rekodi nzuri linaweza kupanda desibeli 20 juu ya sauti ya wastani, yaani umeme mara 100. Kwa spika ya desibeli 88, ukisikiliza kwa wati 1, pigo hilo linadai wati 100. Kwa ya 98, sauti ile ile inakula sehemu moja ya kumi ya wati, na pigo linadai wati 10 tu. Amplifaya haihemi, ngoma inatoka kama ilivyopigwa. Hapo ndipo pesa yako iende.

Nikague nini kabla ya kulipa? (Msomaji, Kiboriloni, Moshi)

Vua kitambaa cha mbele, uanze na ukingo wa wufa, ile koni kubwa ya besi. Ukingo wa sponji huoza wenyewe baada ya miaka 10 hadi 20, hata spika ikikaa stoo bila kupigwa. Uguse taratibu: ukinata au ukimeguka, umekwisha. Ukingo wa raba au wa kitambaa hudumu zaidi.

Kisha weka vidole pande mbili za koni na usukume sawasawa. Iende na kurudi kimya. Ukisikia mkwaruzo, koili (waya uliosokotwa nyuma ya koni) inagusa sumaku, achana nayo.

Beba mita ya umeme, upime ukinzani. Kwenye spika iliyoandikwa omu 8 tegemea kusoma kama 6. Lakini mita inasoma wufa tu, kwa sababu twita, spika ndogo ya sauti nyembamba, iko nyuma ya kapasita, kifaa kinachozuia umeme wa mita. Kwa hiyo washa muziki kwa sauti ndogo, spika moja moja, na sogeza sikio kwenye kila koni. Twita ikiwa bubu, badilisha waya za kulia na kushoto: ububu ukihama, kosa ni la amplifaya.

Sponji iliyooza si mwisho wa spika nzuri. Itumie kushusha bei. Fundi apime kipenyo, abadilishe zote mbili, na atumie gundi inayobaki laini. Supagluu hukakamaa, na koni ikikaa upande koili itakwaruza.

Amplifaya ya wati 30 itaua spika za wati 150? (Msomaji, Sakina, Arusha)

Haitaua, mradi usiifungulie mpaka sauti ikwaruze. Mkwaruzo huo ndio unaochoma twita.

Sebule yangu ina tailizi na kuta za tofali tupu. Sauti inalia kama kwenye ndoo. (Msomaji, Majengo, Moshi)

Usiuze spika bado. Tandika zulia nene kati yako na spika, weka mapazia mazito, na twita ziwe usawa wa masikio ukiwa umekaa. Zitoe kwenye kona, maana kona huvimbisha besi. Anza na sentimita 50 kutoka ukutani, kisha sogeza kidogo kidogo huku mtu mwingine akisikiliza kwenye kochi.