Kule kwa baba yako nani mwenye neno, diwani au chifu?

Mwanangu, meseji yako nimeipata. Unasema unataka kujenga kijumba kule kijijini kwa baba yako, upande wa Willowvale huko Afrika Kusini, sasa hujui uende halmashauri ya Mbhashe au uende kwa chifu, na kama madiwani wapo, chifu wa nini tena?

Nakuelewa. Wewe umekulia Morogoro, na kwetu machifu waliondolewa kwa sheria tangu 1963, kijiji kina mwenyekiti na mkutano mkuu basi. Kule sivyo. Sisi tulivyohamia na baba yako, Mungu amlaze pema, ile kambi ya wapigania uhuru wao wa ANC pale Mazimbu, Morogoro, ilipokabidhiwa serikali yetu 1992, nilikuta chifu yupo na mpaka leo yupo, na katiba yao ya 1996 inamtambua kabisa.

Kiwanja sasa. Kama ungetaka kujenga mjini, Dutywa au pale Willowvale madukani, ungeenda halmashauri. Ila kijijini ardhi kwenye makaratasi ni ya serikali kuu, na anayekugawia ni kijiji chenyewe. Unaanza kwa sibonda, yule mkuu wa kijiji, unaenda na baba yako mdogo maana lazima ujulikane ni wa ukoo gani, alafu majirani wanaitwa kwenye mkutano waseme kama wana pingamizi, wakikubali ndo jambo linapelekwa juu kwa chifu. Diwani hapo hana lake. Na usiogope kwamba we ni mtoto wa kike hujaolewa, zamani ilikuwa ngumu kweli, ila tangu 1994 wanawake wengi tu wa hivyo wamepewa, hasa wenye watoto.

Ila ukishajenga ukataka barabara ya kufika kwako, chifu hana bajeti ya barabara, hapo ndo unamtafuta diwani. Madiwani kule nusu wanachaguliwa kwenye kata na nusu wanatoka kwenye orodha za vyama, kila miaka mitano, na diwani wa kata ana kamati yake ya watu wasiozidi 10. Machifu nao wana viti kwenye baraza, wanaongea lakini hawapigi kura.

Halafu kuna kitu kinawachosha watu kule na mimi kinaniuma mpaka leo. Halmashauri ipo, lakini maji ni kazi ya wilaya iliyo juu yake, Amathole, ofisi zao kuu ziko East London mbali huko. Shule na kliniki ni za jimbo. Pensheni ya wazee na hela ya watoto inatoka serikali kuu. Kwaiyo bibi mmoja mwenye shida tatu ana milango mitatu ya kugonga na nauli ni yake, na kila mlango wanaweza kumwambia hii siyo kazi yetu, na wakawa wanasema kweli. Sensa ya 2011 ilihesabu watu zaidi ya laki mbili na nusu Mbhashe nzima, wengi wao wako vijijini juu ya vilima, ajira hakuna, kodi ya kukusanya ni kidogo mno, halmashauri inaishi kwa mgao wa serikali kuu. Nyumba nyingi zinaendeshwa na pensheni ya bibi. Sasa mtu wa hivo kumzungusha si haki hata kidogo.

Umeuliza pia kama watu wanawapenda machifu. Inategemea unamuuliza nani mwanangu. Ukoo wa kifalme wa Waxhosa uko palepale Nqadu, karibu na Willowvale, na mfalme Hintsa aliyeuawa na Waingereza 1835 anaheshimiwa mno, baba yako akimtaja sauti ilikuwa inabadilika. Lakini mwaka 1951 serikali ya makaburu ilileta sheria iliyowafanya machifu kuwa watu wake, na 1976 sehemu ile yote, Transkei, wakaiita nchi huru, uhuru ambao dunia nzima iliukataa, na wazee wanakumbuka chifu gani alisimama upande gani. Hawasahau! Na watu hawakunyamaza, kule Cala, nayo ilikuwa Transkei, serikali ya jimbo ilitaka kumkubali sibonda aliyechaguliwa na familia ya kichifu badala ya yule waliyemchagua wenyewe, wakaenda mahakamani Bhisho, makao makuu ya jimbo, na 2015 wakashinda, mahakama ikasema mila yao ni kuchagua wenyewe.

Mimi ukiniuliza nani mwenye neno, nakwambia ni wale wanaokwenda kwenye mikutano. Vijana wako Cape Town wanatafuta riziki, wanaokaa kwenye vile viti vya plastiki ni akina mama na mabibi, wao ndo wanajua nani alipewa kiwanja lini na mpaka unapita wapi, wao ndo wanambana diwani kwenye ule mpango wa maendeleo wa halmashauri wa miaka mitano. Mama mzazi wa Thabo Mbeki, Epainette, mtoto wake alikuja kuwa rais wa nchi lakini yeye alibaki kijijini karibu na Dutywa akihangaika na miradi ya akina mama mpaka alipofariki 2014. Wanawake wa kule ndivyo walivyo, wasalimie vizuri na uwasikilize.

Kwaiyo nenda Desemba, watu wote wanakuwa wamerudi kutoka mjini na baba mdogo atakuwepo. Usimpe mtu yeyote hela ya kiwanja kabla mkutano haujakaa, hata akisema katumwa na chifu. Barua ya sibonda ikitoka piga kopi mbili, moja niletee mimi. Tanki la kukinga maji ya mvua lipigie hesabu mapema kabla hata ya madirisha. Na niambie unataka upande wa barabarani au kule karibu na makaburi ya babu zako, ili nimpigie baba mdogo aanze kuulizia.

Mama yako