Roboti zinazojiendesha zikifika bandarini kwetu, nani atawajibika?

Ndugu aliyeanzisha uzi huu ameuliza kama roboti zinazotembea zenyewe zitapata kazi hapa Kigoma, na kama kuna la kuhofia. Najibu nikiwa karani wa ghala jirani na bandari, ninayehesabu mifuko ya saruji iendayo Burundi na Kongo kadiri makuli wanavyoipakia.

Kwamba zitafaa ghalani, sina ubishi. Amazon iliinunua kampuni ya roboti za ghalani, Kiva Systems, mwaka 2012 kwa dola milioni 775, na roboti zake humletea mfanyakazi rafu nzima pale aliposimama. Hata hivyo, roboti hizo zilisoma alama zilizobandikwa kwenye sakafu iliyosawazishwa, mahali ambapo watu hawaruhusiwi kupitapita. Zilizofuata hutumia leza na kamera kujichorea ramani na kukwepa vizuizi, lakini atakayezipeleka mwaloni Kibirizi, kwenye mchanga, magunia ya dagaa na madumu ya mawese, ajiandae kuzisukuma kwa mkono.

Kinachonisumbua zaidi ni mambo ambayo mashine hizi hufundishwa kuyatarajia. Machi 18, 2018, huko Tempe, Arizona, gari la majaribio linalojiendesha la kampuni ya Uber lilimgonga na kumuua Elaine Herzberg, aliyekuwa akivuka barabara usiku huku akikokota baiskeli. Wachunguzi wa Marekani walibaini kwamba mitambo ya gari ilimwona sekunde 5.6 kabla ya ajali, ila ikawa inabadili mawazo, mara ni gari, mara kitu kingine, mara baiskeli, kwa kuwa programu haikutengenezwa kumtarajia mtu avukaye nje ya kivuko. Sasa hebu tazameni barabara ya Mwanga hadi Ujiji, ambako wanaokokota baiskeli zenye mizigo nje ya kivuko ndio sisi wenyewe!

Waendesha mashtaka waliona hakuna msingi wa kuishtaki kampuni kwa jinai. Aliyetiwa hatiani, mwaka 2023, ni mwajiriwa aliyekaa kwenye usukani kama mwangalizi. Ni kweli alipaswa kutazama barabara, lakini programu hakuiandika yeye. Kuli akiangusha mzigo leo, anajulikana na msimamizi wake anajulikana. Roboti ikimvunja mtu mguu, nahofia atakayetafutwa ni karani aliyeibonyeza iondoke.

Kuhusu kamera za roboti hizo, angalau tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Lakini roboti zikichukua kazi, makuli wanaolipwa kwa mfuko, bila mkataba, hawana pa kushika, maana siku wasipoitwa hakuna atakayehesabu kwamba wameachishwa kazi wala kuwalipa kiinua mgongo.

Kwa hiyo, mwajiri wangu akileta mashine hiyo, nitaomba mambo mawili yaandikwe kabla haijawashwa: kwamba mmiliki ndiye atakayelipa madhara, na kwamba kumbukumbu za kila safari yake zitatunzwa hapa Kigoma, ambapo aliyeumizwa anaweza kuzidai bila kumwandikia muuzaji wa ng'ambo.