Bingo ya simu: hesabu kadi, usihesabu watu

Leki yangu, mdogo wangu, juzi pale Katuba, hapa Lubumbashi, ulinionyesha simu ukicheka: umepata chumba cha bingo (mchezo wa mipira yenye namba, wa kwanza kujaza namba za kadi yake anashinda) chenye wachezaji 12 tu, humo lazima utakula pesa. Mimi yaya wako, mkubwa wako, nilifikiri hivyohivyo karibu mwaka mzima, na makuta (pesa) ya mega za intaneti pamoja na ya unga yakaishia humo.

Achana na watu, tazama kadi zilizouzwa. Watu 12 wenye kadi 20 kila mmoja ni kadi 240. Watu 40 wenye kadi mojamoja ni 40. Bahati yako ni kadi zako kugawanya kwa kadi zote, basi.

Sasa chukua kalamu. Tuseme kadi moja ni faranga 500, na mwenye mchezo anakata 30 katika kila 100. Mchana chumba kimya: kadi 60, zako 6. Unashinda mara 1 katika 10, zawadi ni 21,000. Usiku watu wamejaa: kadi 1,200, zako 6 zilezile. Mara 1 katika 200, zawadi 420,000. Gawanya 21,000 kwa 10, unapata 2,100. Gawanya 420,000 kwa 200, unapata 2,100 ileile. Na ulilipa 3,000! Kwa wastani unaacha 900 kila mchezo, mchana au usiku. Hesabu hiyo niliifanya kwenye daftari la mtoto, nikairudia mara tatu nikidhani nimekosea. Tofauti ni kwamba kwenye chumba kimya ushindi mdogomdogo unakubembeleza huku pesa inakwisha; kwenye umati unakauka miezi ukingoja siku moja.

Mahali ambapo uchache wa kadi unasaidia kweli ni kwenye zawadi iliyotangazwa mapema, ile isiyoshuka hata kadi zikiuzwa chache. Zawadi ikiwa 50,000 na kadi ni 60, kadi zako 6 zina thamani ya 5,000. Kadi zikifika 300, thamani imeanguka hadi 1,000. Kwa hiyo nunua dakika za mwisho, ukishaona zimeuzwa ngapi.

Jakpoti, ile zawadi kubwa ya kujaza kadi ndani ya mipira 40, kwenye bingo ya mipira 90, haijali umati. Kadi ina namba 15; kuzipata zote kwa mipira hiyo ni chini ya mara 1 katika 1,000,000, muwe wawili au elfu mbili.

Halafu ile "nimebakiza namba moja!" Katika kadi 1,200, mtu anapopiga bingo, kwa kawaida kuna wengine kadhaa waliobakiza moja kama wewe. Mimi kila nikibakiza moja nilikuwa naongeza kadi, kama vile hiyo namba ilinidai.

Siku hizi natenga 6,000 za Jumamosi, kama pesa ya bia. Zikiisha nazima simu, hata rezo (mtandao) ikiwa nzuri.

Haya, niambie: wale 12 wa juzi, walikuwa na kadi ngapi?